Jibu kwa Katibu wa Uyui: hesabuni miembe kabla ya kununua mashine

Swali: "Shikamoo mtaalamu. Mimi ni katibu wa kikundi cha wakulima wilayani Uyui, mkoani Tabora, upande wa Goweko. Kila Desemba maembe yanaoza chini ya miti mpaka tunawaachia mbuzi. Tumbaku imeshatuchosha wengi. Sasa tumepata mfadhili aliye tayari kutununulia mashine ya kusindika juisi, na vijiji vitatu vya jirani vimeomba kuungana nasi. Tuchukue mashine ya ukubwa gani, na tuanzie wapi ili hili liwe jambo la ukanda mzima, lisibaki la kikundi kimoja?"

Marahaba, Katibu, na hongereni kwa kuwafikiria jirani zenu mapema hivi. Jibu langu ni kwamba mashine ya juisi isiwe ya kwanza. Ikiwa mfadhili anataka kuinunua mwaka huu, mwombeni asubiri. Maembe yenu hayaozi kwa kukosa mashine. Yanaoza kwa sababu maembe ya ukanda mzima huiva katika wiki zilezile, mengi ni ya aina ileile, na nzi wameshayatoboa kabla hayajaanguka. Mashine haitibu hata moja kati ya hayo matatu.

Tupige hesabu kidogo. Tuseme mfadhili anawaletea mtambo wa kula tani 5 za maembe kwa siku, ambao kwa viwanda vya juisi ni mdogo. Mwembe mkubwa wa kienyeji uliozaa vizuri tuukadirie kilo 150 za maembe yanayofaa. Tani 5 ni miembe 33 kila siku inayopambazuka. Msimu wenu mzito ukiwa siku 60, mnahitaji tani 300, yaani miembe 2,000 iliyozaa vizuri, na matunda yake yote yaje kwenu. Hapo bado sijagusa jambo ambalo kila mwenye mwembe analijua: mti ukizaa sana mwaka huu, mwakani hupumzika. Wala sijamgusa mlanguzi anayepita Julai na Agosti kununua mti ungali maua, akamlipa mwenye shida fedha kidogo mkononi, na maembe yakawa yake. Miembe iliyouzwa maua haiwezi kulisha kiwanda chenu hata kama imesimama uani kwa mwenyekiti. Na msimu ukiisha, mtambo unakaa miezi kumi ukidai mlinzi, vipuri na mafuta, na marejesho juu yake kama kuna mkopo.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni sensa ya miembe, na haihitaji mfadhili. Vijana wawili kila kijiji, daftari na kalamu. Waandike mti ni wa nani, wa aina gani, ulizaa ndoo ngapi msimu uliopita, maembe huanza kuiva lini, na kama mwenyewe ana desturi ya kuuza maua. Waandike pia nani hasa huokota na kuuza, maana mara nyingi mti ni wa baba lakini ndoo na beseni ni za mama, na mkija kugawana mapato bila kulijua hilo mtaanzisha ugomvi majumbani. Daftari hilo ndilo litakalowaambia ukubwa wa chochote mtakachonunua baadaye.

Pili, nzi. Nitakaa hapa kwa sababu hapa ndipo kongani ya matunda, yaani vijiji jirani kuzalisha na kuuza pamoja, inapoanza kweli, au inapofia. Nzi wa matunda anayetusumbua zaidi, Bactrocera dorsalis, ana asili ya Asia na aligunduliwa Afrika Mashariki mwaka 2003. Jike hutoboa ganda la embe linalokaribia kuiva na kutaga mayai ndani. Funza wanakula nyama, embe linaanguka, nao wanatoka na kujichimbia kwenye udongo wa juu kabisa chini ya mti. Baada ya muda wa wiki moja au mbili wanatoka nzi wapya. Kila embe bovu mnaloliacha chini ya mti ni kitalu cha nzi wa wiki ijayo.

Dawa ya kwanza ni mikono. Maembe yaliyoanguka yaokotwe kila baada ya siku mbili, yafungwe kwenye mifuko myeusi ya nailoni na kuanikwa juani mpaka funza wafe, au yafukiwe kwa kina kinachozidi nusu mita. Kufukia juujuu ni kuwatandikia kitanda. Pili ni mitego yenye kivutio cha methyl eugenol, ambacho huwavuta madume. Maduka makubwa ya pembejeo hukiuza, na chombo chenyewe mnaweza kutengeneza kwa chupa ya maji iliyotobolewa pembeni. Lakini nzi huyu anaruka mbali. Ukisafisha miembe yako na jirani asisafishe, umefanya kazi bure. Ndiyo maana nasema ushirika wa vijiji vinne uanze na sheria ndogo ya usafi chini ya miembe, ipitishwe kwenye mikutano ya vijiji na isimamiwe na vitongoji, kabla haujawa ushirika wa kuuza chochote. Vijiji vikishindwa kuokota maembe mabovu kwa pamoja, sioni jinsi vitakavyoweza kuendesha kiwanda kwa pamoja.

Na tafadhali, bomba lililopigia dawa ya tumbaku lisipande kwenye mwembe. Wala mti usipigwe dawa ya wadudu ukiwa na maua, kwani nyuki na nzi wadogo wako kazini kuchavusha wakati huo, na nyuki ni mali nyingine ya Tabora. Kama kuna haja ya kudhibiti magonjwa ya ukungu kama ubwiri unga au chule kwenye maua, muulizeni afisa ugani kwanza dawa gani na saa ngapi.

Kuchuma nako kuna jambo. Embe lililotikiswa likaanguka lina jeraha hata kama halionekani, na kesho yake lina doa. Tengenezeni vichumio: mti mrefu, pete ya waya na mfuko. Embe lichumwe na kikonyo kidogo ili utomvu usilichome ganda, likae kivulini, lisafiri kwenye kreti ya plastiki. Gunia la lumbesa linasaga maembe ya chini yote, na nyie ndio mnaolipa hasara hiyo, kwa sababu mnunuzi ameshaipigia hesabu kwenye bei. Mkitaka yaive pamoja kwa ajili ya kusindika, vundikeni kwenye kreti zilizofunikwa, mkiweka ndizi mbivu chache katikati. Kabaidi, ile kemikali ya kuivisha matunda kwa haraka, isiingie kabisa kwenye kituo chenu.

Sasa mtengeneze nini? Hapa nina mapendekezo yanayotofautiana na ya mfadhili.

Ningeanza na achari. Maembe mabichi yanapatikana kabla mvua hazijakolea, kabla nzi hawajazaliana, na kabla kila mtu hajakimbilia shamba. Kumbukeni kalenda yenu wenyewe: Novemba na Desemba, maembe yanapoiva, ndipo watu wanapanda mahindi na kupandikiza tumbaku. Nani atachuma? Nani atamenya? Miradi mingi ya maembe hupangwa ofisini kana kwamba mkulima wa Uyui amekaa tu anasubiri matunda yaive. Achari inawahamishia sehemu ya kazi kwenye wiki ambazo mikono ipo. Inahitaji chumvi, siki, mafuta, pilipili, viungo, sufuria nzuri na mitungi safi. Inakaa rafuni miezi mingi bila friji. Inaliwa na pilau, wali na mihogo ya kukaanga, na wanunuzi wapo Tabora mjini, Shinyanga na Mwanza.

Cha pili ni embe la kukausha, lakini hapa nawaonya kwa moyo wote. Wataalamu wengi husema "kausheni kwa jua" kwa sababu wanaifikiria Tabora ya Agosti. Maembe yenu yanaiva mvua zimeshaanza. Ukianika juu ya turubai, jioni mawingu yanakuja na kesho yake una ukungu. Mnahitaji kaushio la jua lililofungwa, lile la handaki lenye nailoni ya kitalunyumba juu na wavu wa kuzuia nzi kwenye matundu ya hewa, na pembeni pawepo tanuri dogo la kuingiza hewa moto siku za mawingu. Moshi usiguse embe. Upite kwenye bomba lake na kutoka nje. Najua kuna atakayesema, "Mabani ya tumbaku yapo matupu, tuyatumie." Hapana. Bani lililokausha tumbaku halikaushi chakula, hata likisafishwa namna gani.

Vipande viwe na unene wa milimita 5 hadi 8, vilingane, vipangwe bila kulaliana, joto likae kati ya nyuzi 55 na 65. Likizidi sana, nje panakauka ganda gumu na ndani panabaki maji. Jinsi ya kujua kama embe limekauka: chukua kipande kikiwa kimepoa, kikunje. Kikunjike kama ngozi, kisivunjike, na ukikibana kati ya vidole kisiache unyevu. Kisha jaza vipande kwenye chupa ya kioo yenye mfuniko, funga, acha usiku kucha. Asubuhi ukiona jasho kwenye kioo, rudisha mzigo wote kwenye kaushio. Kazi hii apewe mtu mmoja makini mwenye daftari, na neno lake liwe la mwisho hata kama mwenyekiti ana haraka ya gari.

Mjue pia mapema kwamba kilo moja ya embe kavu inakula kilo 10 hadi 15 za embe bivu ambalo halijakaushwa, kutegemea ukubwa wa kokwa. Embe sindano zenu za kienyeji, tamu kama zilivyo, zina nyuzi na kokwa kubwa. Zitakuwa upande wa 15. Fedha mnayomlipa mkulima kwa kilo moja ya embe izidisheni mara 15 kabla hamjaweka mfuko, lebo, kuni na ujira. Bei ya embe kavu ikiwa chini ya hapo, mnawasindikia watu hasara.

Juisi naiweka ya tatu. Haina ubaya wowote, ila imejaa gharama za watu wengine: chupa, mfuniko, lebo na sukari. Kwa vikundi vingi chupa tupu ni ghali kuliko juisi iliyomo, nayo inatoka Dar es Salaam, kilomita 840 kwa reli. Kisha mnakwenda kushindana dukani na viwanda vikubwa vya Pwani vinavyonunua chupa kwa malori. Kama ni lazima muanze nayo, anzeni na rojo. Embe lililoiva, lililooshwa na kumenywa, lipondwe na kuchujwa. Rojo ipimwe uchachu kwa karatasi ya pH na kuongezewa ndimu mpaka ishuke chini ya 4. Ipashwe moto hadi nyuzi 85 au 90, ijazwe kwenye vyombo ikiwa bado moto na kufungwa papo hapo. Mkiwa na rojo iliyohifadhiwa vizuri mnaweza kuwauzia wauza juisi, migahawa na shule za Tabora mjini mpaka katikati ya mwaka, maembe yakiwa yameshasahaulika. Na miaka ijayo, vijiji vikiwa vingi na umeme ukiwa wa uhakika, rojo ndiyo bidhaa inayoweza kwenda viwandani Pwani kwa mapipa. Anayesafirisha embe zima kutoka Tabora analipia nauli ya maganda na kokwa, ambavyo kwa maembe ya kienyeji vinakaribia nusu ya mzigo.

Jambo la kuziba miezi mitupu msiliache. Chumba chenye meza za kumenyea, maji safi, sufuria na kaushio kinaweza kufanya kazi wakati wa ukwaju, mapera na mapapai. Na misitu yenu ya miombo ina mitonga, ntalali na mbula. Kituo cha utafiti cha Tumbi, kikishirikiana na shirika la kilimo mseto cha misitu la ICRAF, kilifanya kazi ya miaka mingi kwenye matunda haya, na vikundi vya akina mama Tabora vilifundishwa kutengeneza jamu, juisi na divai. Watafuteni akina mama hao. Mtajifunza kwao kuliko kwangu, hasa kuhusu kilichouzika na kilichobaki stoo.

Wakati hayo yanaendelea, pandeni mwaka uleule. Miche ya kubebeshwa, yaani iliyounganishwa na kijiti cha mti wa aina bora, huanza kuzaa baada ya miaka mitatu au minne. Mwembe wa kokwa unakuchukua sita hadi minane. Kwa nafasi ya mita 10 kwa 10, ekari moja inaingia miti 40. Msipande aina moja. Kent na Apple ni nzuri kwa kula na kukausha, Keitt inachelewa kuiva, kwa hiyo inawasogezea msimu mbele, na dodo inajulikana sokoni. Mkiweza kuurefusha msimu kwa wiki nne tu, mmeongeza uwezo wa kiwanda chochote mtakachojenga bila kununua bati moja. Miembe mikongwe isiyofaa pia msiing'oe. Hukatwa shina kwa urefu wa kama mita moja, likabakizwa tawi moja la kuulisha mti. Machipukizi yakikomaa yanabebeshwa vikonyo, yaani vijiti, vya aina bora, na kwa kuwa mizizi ni ya zamani, matunda huja haraka. Anzeni na miti michache kwa kila kaya. Hakuna mzazi wa Kinyamwezi atakayekuruhusu ukate miembe yote ya babu yake kwa mkutano mmoja, na ana haki.

Kuhusu vijiji vinne, msifanye kila kijiji kiwe na kila kitu. Kila kijiji kiwe na banda la kukusanyia lenye mzani, kivuli, maji na kreti, na yule kijana mwenye daftari. Kitalu cha miche kikae kijiji chenye maji ya uhakika kiangazi. Kaushio liwe karibu na miembe mingi. Chumba cha kusindika kikae kwenye umeme na barabara, na kisikae kwa mjumbe mwenye sauti kubwa zaidi. Vyombo na vifungashio vinunuliwe kwa pamoja mara moja kwa mwaka, maana oda ya chupa chache haina bei.

Mkulima alipwe kwa kilo, palepale kwenye mzani. Hili nalisisitiza kwa ajili ya Tabora hasa. Fedha za tumbaku huingia katikati ya mwaka. Desemba nyumba nyingi hazina kitu, na watoto wanakaribia kufungua shule. Mtu akiambiwa "utalipwa tukishauza", atampa mlanguzi embe lake kwa nusu ya bei, naye siwezi kumlaumu. Kwa hiyo mtaji wa kununulia maembe ni muhimu kuliko mtambo, na ndio unaosahaulika kwenye maandiko mengi ya miradi. Sehemu yake mnaweza kuitafuta kwenye mikopo inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya halmashauri kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, iliyosimamishwa mwaka 2023 na kurejea mwaka 2024. Mtaji huo ukiwepo, mnaweza pia kumwahi mlanguzi wa maua: mwenye shida ya Julai mnamkopesha kidogo, anarudisha kwa maembe Desemba, kwa bei mliyoandikiana.

Kwa upande wa sheria, nendeni SIDO Tabora, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, mapema, kabla hamjajenga hata ukuta. Watawaonyesha mpangilio wa chumba cha chakula: mbichi iingie mlango huu, iliyokamilika itokee ule, na choo kiwe mbali. Tangu mwaka 2019 usimamizi wa chakula uliokuwa kwa mamlaka ya chakula na dawa, TFDA, uko kwa shirika la viwango, TBS, kwa hiyo usajili wa jengo na alama ya ubora vyote mtavifuatilia TBS, na barua ya utambulisho ya SIDO huwarahisishia wajasiriamali wadogo njia hiyo. Suala la AMCOS (chama cha ushirika cha mazao na masoko) au kampuni msilikimbilie. Fanyeni msimu mmoja kama vikundi vyenye makubaliano ya maandishi, mjuane, kisha afisa ushirika wa wilaya awasaidie kuchagua.

Nirudi kwa mfadhili, kwa sababu najua unaogopa kumpoteza. Mwandikieni barua ya heshima, ambatanisheni sensa ya miembe, na mwombeni fedha ileile igawanywe hivi: kreti na mizani kwa vijiji vinne, mitego ya nzi kwa misimu miwili, kaushio moja lenye tanuri, vyombo vya achari na rojo, mafunzo ya ubebeshaji kwa vijana wanane, na fungu la kununulia maembe lenye wasimamizi watatu wa kutia saini. Mwambieni mashine ya juisi mtaizungumza baada ya misimu miwili, mkiwa na vitabu vya hesabu vinavyoonyesha mmenunua tani ngapi, wiki zipi, kwa bei gani na mmemuuzia nani. Akikataa na kushikilia mashine, muulizeni nani atalipa fundi na vipuri Machi itakapokuwa haina embe la kula, na jibu lake liingie kwenye mkataba.

Sensa ikikamilika nitumie nakala, hata kwa picha za simu. Nikiziona tarehe za kuiva kwa kila kijiji, nitawasaidia kupanga ukubwa wa kaushio na idadi ya kreti za msimu wa kwanza.